Mtumaji Ni Wewe

6 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Huku tu wazima, kasoro meno ya mama, ambayo yamebaki machache na yote hayaelewani. Anakusalimu. Nilimuuliza niandike salamu gani, akasema, "Mwambie mdogo wangu kichwa chake kilikuwa kigumu tangu utotoni. Nilidhani uzee utakilainisha, kumbe unakikausha." Nimeandika kama alivyosema. Kiwandani wamenitoa kwenye mashine ya kukata bahasha wakanipeleka kwenye mashine ya gundi, kwa hiyo ukiona karatasi hii inanata pembeni, usidhani nilikuwa nakula.

Sasa jambo lenyewe. Picha ya nyonga yako imefika. Nasema imefika, sisemi imefika salama.

Mjomba, umeichukua eksirei nzima, kubwa kama gazeti, ukaikunja, ukaikunja tena, ukaibana ndani ya bahasha ya barua. Tena kwenye zile bahasha ambazo marehemu mkaza mjomba, mkeo, alikuandikia anwani yangu ya kiwandani kabla hajafariki. Niliuona mwandiko wake kabla sijaona kilichomo. Hilo naliacha hapo.

Niliipeleka hivyo hivyo kwa daktari wa mifupa wa hospitali kuu, kwa sababu nilikuwa nimeomba nafasi na nafasi yenyewe haipatikani hovyo. Akaiinua kwenye taa, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Huu mstari hapa ni ufa wa mfupa au ni mkunjo?"

"Sijui, daktari."

"Na huu?"

"Huo nadhani ni mkunjo."

"Kwa picha hii mgonjwa wako amevunjika kwa mistari iliyonyooka, kama kitambaa cha meza kilichopigwa pasi. Anatembea?"

"Anasema anatembea."

"Nimeuliza anatembea, sijauliza anasemaje."

Ungekuwepo ungenionea huruma.

Amekubali kuliweka jina lako kwa ajili ya upasuaji akiona picha safi. Mwisho ni tarehe thelathini na moja Mei. Baada ya hapo anahamia hospitali ya mbali, na hapa hakuna mwingine anayefanya nyonga. Kasema pia kwamba nyonga kama yako ikiachwa, mtu halali kwa sababu ni usiku, analala kwa sababu hana njia nyingine.

Piga picha mpya. Dereva wa lori la saruji anapita kwako wiki ijayo, nimempa bahasha ya kadibodi kutoka kiwandani. Hiyo haikunjiki hata ukitaka. Itie picha, mpe dereva, basi.

Mpwa wako

27 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, nikaiweka, kesho yake nikaisoma tena nione kama ukali umepungua. Haujapungua. Huku ni salama. Mwambie dada yangu nimepokea salamu zake na nitamjibu siku atakapoota meno.

Kazi ipo. Wameniletea saa ya ukutani ya shule, ambayo imekuwa ikichelewa kwa miaka na walimu hawakulalamika hata siku moja. Ilipoanza kuwahi ndipo wakaona ni mbovu. Meza yangu ya kazi nimeihamishia chumbani, maana dirisha la chumbani lina mwanga mzuri zaidi. Sijui kwa nini sikuliona hilo zamani.

Kuhusu kukunja. Bahasha iliyokuwepo ilikuwa ndogo na picha ilikuwa kubwa. Mmoja ilibidi akubali. Mimi saa naifungua, naipanga mezani, nairudisha, na inatembea. Sikujua kwamba mfupa ukipigwa picha unakuwa na madaha.

Picha mpya nimepiga. Mpiga picha alinikumbuka.

"Mzee, mbona umerudi? Ile ya kwanza imefanya nini?"

Nikamwambia, "Nilikuwa nimeipunguza."

Hakucheka. Watu wa eksirei wanakaa gizani sana.

Bahasha yako ya kadibodi aliileta dereva wa saruji. Ni nzuri kupita kiasi. Niliifungua upande mmoja ikawa sinia, na sasa napangia vipuri humo, springi haziruki tena. Najua utasema nini. Lakini wewe una kiwanda kizima cha bahasha, mimi sinia nilikuwa sina.

Usihangaike. Jirani yangu mshonaji ameninunulia dukani bahasha ya ndege, ile yenye michirizi myekundu na ya buluu pembeni. Muuzaji kamwambia hiyo ndiyo inayokwenda mbio. Nimejaribu kuitia picha, inaingia pembe moja. Nasikia pia kiwandani kwenu mnatengeneza bahasha zenye dirisha. Niambie kama ni kweli, maana mimi siwezi kuamini kwamba mtu mwenye akili zake anaziba barua kwa gundi halafu anaitoboa watu wachungulie.

Mguu haujambo.

Mjomba wako

15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama ameambiwa kuhusu meno, amecheka mpaka akayashika. Sisi wengine tu wazima, ila mimi nimeanza kuongea peke yangu kwenye mashine, na msimamizi ameniuliza kama nina matatizo nyumbani. Nikamwambia nina mjomba.

Bahasha ya ndege ni ya karatasi nyembamba ili iwe nyepesi, ndiyo kazi yake. Zile rangi za pembeni haziongezi mwendo. Hata ukipaka rangi hizo kwenye kitanda chako, hakitaruka. Ukiitia eksirei, itachanika kabla haijatoka mlangoni.

Bahasha ya dirisha ipo, na si ya kuchungulia. Anwani inaandikwa kwenye barua yenyewe, barua inakunjwa ili anwani ikae sawa na dirisha, basi hakuna haja ya kuandika mara mbili. Hiyo ni ya maofisi. Wewe haikuhusu. Nakuomba usiipende.

Bahasha ya kaki ni ngumu kidogo, lakini haina mgongo, itajikunja kwenye gunia la posta. Kwa hiyo tunarudi kwenye kadibodi. Ninakutumia nyingine kwa posta. Hiyo si sinia. Nimeandika kwa kalamu nene pande zote mbili neno USIKUNJE. Nilitaka kuongeza USIFANYE SINIA, nafasi haikutosha.

Dereva wa saruji hatapita. Lori lake limevunjika giaboksi na liko gereji, haijulikani mpaka lini. Itabidi upeleke posta, na upeleke rejesta, siyo barua ya kawaida. Rejesta inaandikwa kwenye kitabu kila inapopita, inapokelewa kwa saini, haipotei kienyeji. Watakupa stakabadhi, itunze.

Uso wa bahasha nimeuacha mtupu kwa sababu wa rejesta wanataka majina yote mawili yaandikwe na anayepeleka, mbele yao au nyumbani, kwa mwandiko wake. Sikiliza vizuri. Katikati, kwa herufi kubwa, andika jina na anwani ya mtumiwa. Juu kushoto, kwa herufi ndogo, jina na anwani ya mtumaji. Juu kulia ni pa stempu. Nyuma usiandike kitu.

Nakutuma kazi hii moja tu, Mjomba. Moja.

Na unisaidie jambo. Unasema mguu haujambo, lakini meza ya kazi imeingia chumbani. Chumba chako hakina mwanga. Nimekulia humo, ninakijua. Dirisha lake linatazama ukuta.

Mpwa wako

4 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku salama. Saa ya shule imepona, sasa walimu wanalalamika.

Kazi uliyonituma nimeifanya, neno kwa neno kama ulivyoandika, na sikuongeza changu. Picha iko ndani, imelala kama bwana. Katikati mtumiwa, kushoto mtumaji, stempu kulia, nyuma pametulia. Niliitazama ile bahasha nikaona imependeza, nikasikitika kwamba inaondoka. Mshonaji ndiye aliyenipelekea posta, kwa kuwa alikuwa anapita huko. Stakabadhi ninayo, iko kwenye sinia.

Usiniambie nije kupokea simu yako ukiipata. Chumba cha simu cha posta kipo ghorofani na ngazi zake zimejengwa na mtu asiyependa watu.

Ukuta ambao dirisha linautazama umepakwa chokaa. Unarudisha mwanga. Na jiko nalo nimelisogeza huku, chai inapoa njiani kutoka kule nyuma.

Sasa tusubiri. Usinifokee tena mpaka iwe imefika.

Mjomba wako

24 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama ana mafua. Mimi sina mafua lakini sina raha pia.

Barua yako ndogo ilifika zamani, tena kwenye bahasha yenye ule mwandiko. Bahasha kubwa haijafika. Nimekwenda posta kila nikitoka kazini, mpaka karani wa dirisha la rejesta akiniona anaanza kutikisa kichwa kabla sijafika mbele.

Jana nilimwambia, "Tafuta tena, ni kubwa, ngumu, imeandikwa USIKUNJE."

"Dada, kubwa na ngumu ningeiona. Imetoka lini?"

"Mwanzo wa mwezi."

"Basi ingekuwa hapa. Una hakika mzee ameandika anwani vizuri?"

"Nilimwelekeza mwenyewe. Mimi ni mtu wa kiwanda cha bahasha."

Akanitazama, akasema, "Ndiyo nawaogopa hao."

Mjomba, niandikie namba iliyo kwenye stakabadhi, na uniandikie, tafadhali, ulichoandika kwenye uso wa bahasha. Chote. Usinifupishie. Nimemwona daktari kwenye korido. Kaniuliza, "Picha?" Nikasema, "Njiani." Akasema, "Mei nayo iko njiani."

Na tangu lini mshonaji anakwenda posta kwa niaba yako? Posta iko mtaa wa pili. Ulikuwa unakwenda hata mvua ikinyesha, ukisema unataka kusahihisha saa yao.

Mpwa wako

6 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Dada yangu apone, asinisingizie mafua yake.

Namba ya stakabadhi haina kazi tena. Bahasha imefika. Imefika kwangu.

Juzi tarishi wa posta alipiga hodi, nikamwambia aingie, mlango haukufungwa. Akaja mpaka chumbani.

"Mzee, rejesta yako."

"Siyo yangu. Hiyo mimi ndiye niliyeipeleka."

"Imeandikwa jina lako katikati."

"Hapo ni pa mtumiwa."

"Ndiyo. Mtumiwa ni wewe."

"Najua. Ndiyo maana nikaandika."

Akanifungulia kitabu chake, akasema, "Basi tia saini."

Nikatia saini ya kupokea mzigo niliotuma mwenyewe. Umefika hadi kituo kikuu cha kuchambulia barua, umepigwa mihuri kila pembe, umezunguka kuliko mimi nilivyowahi kuzunguka, na hawakuukunja. Hilo nawasifu.

Sasa usianze. Nina barua yako hapa, ya tarehe kumi na tano Machi. Umeandika kwa mkono wako: "Nakutuma kazi hii moja tu, Mjomba." Anayetuma ni nani? Ni wewe. Mimi nilikuwa nimekaa zangu na saa ya shule, sikuwa na haja ya kupeleka mifupa yangu mahali popote. Wewe ndiye uliyenituma, kwa hiyo mtumaji ni wewe, nikakuandika juu kushoto. Na aliyetumwa ni mimi. Neno lenyewe hasa lingekuwa mtumwa, nikaona umelilainisha kwa heshima ukaandika mtumiwa. Nikakushukuru moyoni. Nikajiandika katikati kwa herufi kubwa, kama ulivyoagiza, ingawa niliona umenikuza mno.

Mwulize fundi yeyote. Ukimwambia fulani amenituma, hakuna anayekuuliza ni nani mtumaji. Kiwanda kizima cha bahasha na mmeshindwa kupata neno moja lisilogeuka.

Picha iko hapa, ubavuni kwangu. Niambie la kufanya, lakini kwa maneno ya watu.

Mjomba wako

14 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kwenye mashine ya gundi. Nilicheka, kisha nikalia, kisha mashine ikaziba bahasha mia kadhaa zikiwa hazina kitu ndani, na msimamizi amenirudisha nyumbani nipumzike.

Mpokeaji. Ningeandika mpokeaji. Neno lilikuwepo, lilikuwa pale pale, na mimi nikachukua la maofisini. Hilo ni langu, nimelibeba.

Sasa na wewe beba lako. Meza imeingia chumbani. Jiko limeingia chumbani. Mlango haufungwi, tarishi anakuja mpaka kitandani. Mshonaji anakwenda posta. Ngazi zina ubaya. Na picha, unasema, iko ubavuni kwako, maana umelala na yenyewe iko pembeni. Mjomba, wewe hutembei. Sijui tangu lini hutembei. Umeihamisha nyumba nzima ukakizungushia kitanda halafu unaniandikia habari za mwanga.

Mama nimemsomea. Hakusema neno la kukutania. Ndipo nilipoogopa.

Sina muda wa kukutumia bahasha nyingine kwa posta, ikienda na kurudi Mei itakuwa imekwisha. Lori la dereva wa saruji limepona. Barua hii anayo yeye, na atakusubiri umpe jibu. Fanya hivi. Ile bahasha ya kadibodi bado inafaa. Chukua moja ya zile bahasha za marehemu, kata kipande chenye anwani yangu, kibandike juu ya jina lako pale katikati. Gundi kidogo inatosha. Mpe dereva. Usiandike kitu chochote kwa mkono wako. Nakuomba kama mtoto wako, usiandike kitu.

Mpwa wako

29 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na shikamoo kwa dada yangu, ambaye nitamwamkia mwenyewe.

Dereva alisubiri kama ulivyomwambia. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akanywa chai. Nilipomweleza kazi yenyewe, akatoa kisu mfukoni akanipa.

Nikafungua droo. Imebaki moja.

Hilo hukulijua kwa sababu sikukuambia. Zilikuwa fungu zima. Marehemu alikaa nazo mwezi ule wa mwisho, kwenye kitanda hiki hiki, mto nyuma ya mgongo, anaandika anwani yako, anaweka upande, anachukua nyingine. Nikamwuliza, "Zote hizo za nini? Mtoto mmoja tu unamwandikia." Akasema, "Siyo mimi ninayemwandikia. Wewe bahasha huwezi. Nisipokuandalia, utajiandikia mwenyewe." Nilidhani ananitania. Alikuwa anapenda kunitania akiwa amechoka.

Tangu hapo nimekuandikia barua fupi, nikitumia moja moja. Ndiyo maana nilikunja ile picha. Nilitaka iingie humo, ije na mwandiko wake, daktari auone. Sasa unaniambia nikate.

Nilikishika kile kisu. Dereva akasema, "Mzee, kukata karatasi tu."

Nikamrudishia, nikamwambia, "Basi kata wewe."

Akaitazama ile bahasha, akauona mwandiko, akarudisha kisu mfukoni bila kuambiwa. Ana mke, nadhani.

Kwa hiyo nikamwambia anibebe mimi. Mshonaji alishika miguu, dereva mabega. Miguu haina habari tangu Februari, nilipotoka kupiga ile picha ya pili, ulikuwa unasema kweli, sikupenda tu kuiandika. Waliweka godoro nyuma, juu ya mifuko ya saruji, na picha iko chini ya godoro kwenye kadibodi yake. Nimeilalia njia nzima. Imenyooka kuliko mimi.

Barua hii naiandika nje ya lango la kiwanda chenu. Mlinzi kasema hawezi kukuita bila maandishi, nikamwambia hilo si tatizo, nina karatasi na nina bahasha. Ameisoma anwani akasema, "Ni hapa hapa, mzee. Umeandika vizuri sana." Sikumsahihisha.

Sasa wanataka kunishusha. Nimewaambia, USIKUNJE.

Bahasha hii haina stempu na haijapigwa muhuri, na ulimi wake sijaulamba, nimeuchomeka tu. Usiichane. Barua chukua, ni yako. Bahasha nirudishie ukitoka, mkononi mwangu mwenyewe, niko hapa kwenye lori.

Mtumaji